Pimeni Giza Kabla ya Kununua Taa



Somo letu la safari hii linatoka Mukuru kwa Njenga, huku mashariki mwa Nairobi, lakini hata wenzetu wa vijijini wanaotaka kuweka taa sokoni au zahanati watapata cha kuchukua. Siku hizi vikundi vingi vinachangia taa za sola, zile zinazojiwasha jua likizama, zinafifia zenyewe usiku ukiwa mkubwa, na kuongeza mwanga mtu akipita. Ni kitu kizuri. Shida ni kwamba tunaanzia dukani. Taa zikishaletwa ndipo tunaulizana ziwekwe wapi, na mara nyingi ya kwanza inaishia mlangoni kwa mwenyekiti.

Tuanze na giza lenyewe. Nairobi kuna zile taa ndefu tunaziita mulika mwizi. Zimesaidia sana barabarani na stejini, hilo tusilikane. Lakini mwanga unaotoka juu sana unapiga mabati. Kichochoro cha hatua mbili kati ya nyumba kinabaki cheusi, na palipojengwa ghorofa kivuli kinakuwa kirefu zaidi. Na humo ndimo mama anapita kwenda choo cha ploti. Mwaka wa 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, likaeleza jinsi wanavyoogopa kwenda chooni usiku kwa hofu ya kubakwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa taa iwekwe wapi si fundi. Ni mama huyo na binti yake, na waulizwe bila wanaume kukaa pale wakisikiliza.

Ukaguzi wa kwanza ufanyeni usiku. Nendeni watu sita hivi, wanaume kwa wanawake, pamoja na mzee wa kijiji ili msidhaniwe kuwa wezi. Bebeni tochi, daftari na kamba iliyofungwa fundo kila mita moja. Nendeni saa mbili usiku, halafu tena saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wa vibarua wanatoka kwenda viwandani kwa miguu. Choreni ramani, hata kama si nzuri: choo, bomba la maji, mtaro usiofunikwa, ngazi, kona. Kila mahali zimeni tochi, mmoja asimame hatua nne mbele. Kama humtambui uso, tia alama.

Tena hesabuni wapita njia kwa nusu saa. Wengi huruka jambo hili, na ndilo linaloamua kama ile sensa itawafaa. Tuchukue taa ya wati 20. Ikiwaka kwa nguvu yote masaa 12, inakula wati-saa 240. Ikiwaka kamili masaa manne ya kwanza (80), kisha ikashuka hadi wati 6 kwa masaa manane (48), na tukiongeza kidogo kwa wale wanaopita, tunafika kama 140. Mwezi wa Julai Nairobi huwa na mawingu, basi tuhesabu jua kamili masaa manne tu kwa siku: 140 tukigawa kwa 4 ni 35, na kwa sababu theluthi hivi hupotea njiani, tafuteni paneli ya wati 50. Bila kufifia mngehitaji karibu wati 90. Lakini kama kichochoro chenu kina mtu kila dakika hadi usiku wa manane, sensa haitapumzika, na hesabu ya 140 ni ya kujidanganya. Betri itakufa saa nane usiku, wakati wa hatari.

Sensa nyingi za taa hizi hunusa joto la mwili unaosogea. Zinamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Jiko la kukaanga chipo au nguo zinazopepea kwenye kamba huweza kuichanganya. Andikeni hivyo vyote kwenye ramani. Na taa hujiwasha kwa kuhisi giza: ukiiweka karibu na balbu kali ya duka inaweza kudhani bado ni mchana, isiwake.

Mchana rudini tena. Sisi tuko karibu na ikweta: mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Nyumba ambayo haina kivuli leo inaweza kufunika paneli miezi sita baadaye, kwa hiyo tazameni pande zote mbili, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Ulizeni pia kama jirani ana mpango wa kupandisha ghorofa. Vumbi ni jambo lingine. Paneli iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, na mjue ni nani atapanda kuifuta wakati wa kiangazi.

Ardhi nayo ina maneno yake. Udongo wetu mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa ukame, na nguzo iliyochimbiwa juu juu huanza kulala. Nguzo ya mita tano iingie ardhini karibu mita moja, kwa kokoto na saruji. Kabla ya kuchimba, mtafuteni anayejua mipaipu ya maji imepita wapi. Inueni macho pia: nyaya za stima zilizoning'inia ovyo zimeua watu, na nguzo ya chuma isiguse wala isikaribie waya wowote. Fundi awe na leseni ya EPRA, na awaonyeshe.

Sasa la mwisho, nalo ni gumu. Nguzo inasimama kwa shamba la nani? Mwaka wa 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani pamoja, na wakazi walishiriki kupanga. Hata hivyo Oktoba na Novemba 2021 nyumba nyingi za kwa Njenga zilibomolewa kwa ajili ya barabara. Basi pelekeni ramani yenu kwa chifu na ofisi ya wadi, muulize njia iliyopangwa inapita wapi, na mpate ruhusa kwa maandishi, hata ya mwenye ploti. Kama jibu halieleweki, wekeni taa ukutani au kwenye nguzo ya kufungwa kwa boliti, ambayo mnaweza kuing'oa kwa siku moja na kuondoka nayo.

Kwa mkutano ujao: kila mmoja alete mahali pamoja panapomtia hofu usiku. Mwandishi aandike yote. Mkikuta pametajwa mara tatu, anzeni hapo, hata kama ni mbali na mlango wa kila kiongozi.