Kata Kelele, Usikate Ukweli

Tuseme klabu yenu ya afya pale Shinyanga imemrekodi mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Geita. Vumbi la mwamba huumiza mapafu, na kifua kikuu (TB) kikapata nafasi. Anasimulia: "Nilipata nafuu baada ya mwezi mmoja, nikaacha dawa. Ugonjwa ukarudi."

Sasa mnahariri kwa Audacity, programu ya bure:

1. Tunza nakala ya rekodi nzima. Hiyo usiiguse.
2. Sauti yake iwe traki ya kwanza, ya mtangazaji traki ya pili.
3. Chagua kelele, futa. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja.
4. Muziki weka mwishoni, traki ya tatu. Ushushe mtu anapoongea.

Lakini angalia! Ukikata baada ya "mwezi mmoja", msikilizaji ataelewa nini? Kwamba mwezi unatosha! Kumbe tiba ya TB kwa kawaida ni miezi 6, hata ukijisikia mzima.

Kabla ya kurusha, mpe mwenyewe asikilize. Akisema, "Sivyo nilivyosema," rudini kwenye ile nakala.