Sarufi ya Kilio: Swali la Mbunge wa Mashambani katika Bunge la Kenya

Utangulizi

Jumba la Bunge la Kenya, lenye mnara wa saa, limo katikati ya jiji la Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndani yake mbunge hutajwa mara kwa mara kwa eneo analowakilisha: Mbunge wa Butere, Mbunge wa Tinderet, Mbunge wa Ol Kalou. Kwa desturi hiyo majina ya mashambani hutamkwa kila kikao mahali ambapo wenyeji wake wengi hawajawahi kukanyaga. Hata hivyo, baadhi ya wenyeji hao wako karibu kuliko inavyodhaniwa. Barabara ya Waiyaki, inayoleta wasafiri kutoka magharibi mwa nchi, huingia jijini kupitia Kangemi na Westlands, na katika mitaa ya Kangemi na Kawangware wanaishi watu wengi wenye asili ya Magharibi ya Kenya. Wako wanaofanya kazi Nairobi na kupiga kura nyumbani. Kwao, mbunge ni yule wa nyumbani, na daraja lililovunjika huko ni habari ya hapa.

Makala haya yanachunguza jambo moja tu, nalo ni yale yanayokipata kilio cha mwananchi kinapogeuzwa kuwa swali Bungeni. Aghalabu sajili ya bunge hufundishwa kwa kuorodhesha msamiati wake: hoja, mswada, hoja ya nidhamu, kumbukumbu rasmi, na kadhalika. Msamiati ndio upande ulio rahisi, na mwanafunzi huukariri kwa siku moja. Upande mgumu ni sarufi, yaani ni nani anayetajwa kuwa mtendaji, na ni nani anayeachwa nje ya sentensi.

Lugha ya Bunge tangu 1974

Tangu uhuru mwaka 1963, shughuli za Bunge ziliendeshwa kwa Kiingereza. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ikarekebishwa ili kuafiki agizo hilo. Mara wasomi waliozoea kunguruma kwa Kiingereza walilazimika kuyatafuta maneno, na mbunge aliyekuwa akihutubia mikutano yake ya kijijini kwa Kiswahili akawa na chombo kilekile mkononi alipokuwa Nairobi. Lakini utekelezaji ulikuwa na kasoro iliyojitokeza upesi: sheria zote zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa tena ili miswada na nyaraka za fedha ziendelee kuandikwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1979 Kiingereza kiliruhusiwa tena katika mijadala, sambamba na Kiswahili.

Ikumbukwe kwamba mgawanyo huo haukuwa wa lugha peke yake. Mbunge aliweza kulalamika kwa Kiswahili, lakini kile ambacho kingeondoa lalamiko, yaani sheria na makadirio ya fedha, kiliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilipewa kilio, Kiingereza kikapewa mfuko. Katiba ya 2010 imeimarisha hadhi ya Kiswahili kwa kukifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Aidha, kifungu cha 120 kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa nazo humtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo. Sharti hili humbana zaidi anayetoka kijijini, kwa kuwa huko kuchanganya lugha ndiyo namna ya kawaida ya kusema, na anayechanganya Bungeni hukatizwa kwa hoja ya nidhamu kabla hajafika kwenye daraja lake.

Kutoka mtoni hadi kwenye kumbukumbu rasmi

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Butere, eneo la wakulima wa miwa, anamwendea mbunge wake na kumwambia: "Mheshimiwa, mto umechukua daraja letu. Miwa inakauka upande wa pili na watoto wetu hawaendi shule." Katika sentensi ya kwanza kiima ni mto, kitenzi ni cha kutenda, na yambwa ina mwenyewe: daraja *letu*. Kilio kina mtendaji, kina mtendwa na kina mwenye hasara.

Hadi uchaguzi wa 2013, kabla mawaziri hawajaondolewa katika uanachama wa Bunge, njia ya kawaida ya kulifikisha jambo hilo ilikuwa swali kwa waziri anayehusika. Swali lilikuwa na umbo lake mahususi lililokuwa karibu kama umbo la shairi, yaani huvunjwi mizani. Kilio cha yule mzee kingetoka hivi: Je, Waziri anafahamu kwamba daraja la mto fulani limeharibika? Na je, ni hatua gani anazochukua ili litengenezwe?

Mabadiliko matatu yamefanyika. La kwanza, mto umetoweka. Kitenzi *limeharibika* kimo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo kwa tabia yake haihitaji mtendaji, daraja limejiharibikia. La pili, *letu* imeondoka, kwa sababu mbele ya Spika daraja ni la mahali wala si la watu. La tatu, nalo ndilo zito zaidi, kitenzi kikuu si tena *kuchukua* bali ni *kufahamu*. Jambo linalojadiliwa si maji wala miwa, ni ujuzi wa Waziri. Ndiyo maana Waziri angeweza kujibu, "Ninafahamu," na nusu ya swali ikawa imekwisha hali maji yanapita palepale.

Kisha huja jibu la nusu ya pili, jibu ambalo kila msikilizaji wa taarifa za Bunge amewahi kulisikia kwa namna moja au nyingine: daraja litatengenezwa *fedha zitakapopatikana*. Neno hili la mwisho linastahili kuandikwa ubaoni. Kiambishi *zi-* ni cha fedha, si cha mtu. *-taka-* ni wakati ujao unaotumika penye kirejeshi. *-po-* ni kirejeshi cha wakati kisichotaja wakati wowote. Mzizi ni *-pat-*, na *-ikan-* inarudisha kauli ya kutendeka. Katika neno moja serikali imeahidi bila ya kuwepo aahidiye, imepanga wakati bila ya tarehe, na imezifanya fedha kuwa kitu kinachopatikana chenyewe kama uyoga baada ya mvua. Hakuna uongo ndani yake. Kwa hakika hakuna kinachoweza kukanushwa, na hapo ndipo ustadi ulipo.

Haifai kudhani kwamba wabunge waliridhika na hali hiyo. Mwaka 2003 mbunge wa Ol Kalou, Mhandisi Muriuki Karue, alikuwa mstari wa mbele katika kuanzishwa kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kisarufi, hazina hiyo ilimpa mbunge wa mashambani kitenzi cha kutenda: *tumejenga*. Lakini ilimpunguzia pia haja ya kuuliza, na wako wanaoona kwamba mbunge aliyegeuka mjenzi si mwulizaji hodari. Kwa upande wake, kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa mwananchi haki ya kuliandikia Bunge malalamishi yake mwenyewe. Yule mzee anaweza, kwa hiyo, kuandika *daraja letu* akipenda.

Oktoba 1975

Kauli zisizo na mtendaji hazimfai waziri peke yake. Kisa mashuhuri cha jambo hili kimo katika historia ya Bunge lenyewe, nacho kinahusu wabunge wawili wa mashambani: Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Shikuku, aliyezaliwa 1932, alijulikana kwa maswali yasiyokwisha kuhusu wanyonge na ufisadi, na akapewa lakabu ya mlinzi wa watu. Seroney, mwanasheria kutoka Nandi, alikuwa amefikishwa mahakamani kwa sababu ya Azimio la Nandi Hills la 1969, lililodai ardhi ya Wanandi. Mapema mwaka 1975 alichaguliwa kuwa Naibu wa Spika, jambo ambalo serikali haikulipenda. Mwezi Machi mwaka huohuo aliuawa J.M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, na kamati teule iliyochunguza mauaji hayo iliongozwa na mbunge mwingine wa Magharibi, Elijah Mwangale.

Katika hali hiyo ya hofu, mwezi Oktoba 1975, Shikuku alisema Bungeni kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge jinsi KANU ilivyouawa. Tuangalie kitenzi: *ilivyouawa*. Ni kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Mara wabunge wa upande wa serikali wakasimama na kumtaka athibitishe maneno yake. Seroney ndiye aliyekuwa kitini. Uamuzi wake ulikuwa kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Hapa sarufi ileile iliyomkinga waziri ilifanya kazi kinyume. *Fedha zitakapopatikana* huacha nafasi ya mtendaji ikiwa tupu ili asipatikane wa kulaumiwa. *KANU ilivyouawa* iliacha nafasi hiyo tupu, na kila aliyekuwa ukumbini akaijaza mwenyewe kimoyomoyo. Kwa mtazamo wa pragmatiki, dai la kuthibitisha lilikuwa ombi kwamba jina litajwe, na uamuzi wa Seroney ulilithibitisha jina hilo pasipo kulitaja. Pengine hakuna mfano bora kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi kwamba maana ya kauli ya kutendwa haimo katika kiambishi *-w-* peke yake, imo pia katika kile ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua kwa pamoja.

Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Sheria iliwakinga wabunge wasishtakiwe kwa maneno waliyoyasema ukumbini. Hawakushtakiwa. Waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, chini ya sheria ya kulinda usalama wa umma. Kwa miaka mitatu Butere na Tinderet zilikosa sauti zilizozichagua, na kama kulikuwa na daraja lililochukuliwa na mto huko, waliopewa kazi ya kuliuliza walikuwa wamefungiwa.

Kuna jambo ambalo watafiti wa Kiswahili hawajalitilia maanani ya kutosha. Kisa hiki kilitokea katika kipindi kile cha kati ya 1974 na 1979, Kiswahili kilipokuwa lugha ya mijadala. Hata hivyo, vitabu vingi vya historia ya siasa hukieleza kwa Kiingereza, na ni kwa Kiingereza ndiko wanafunzi wengi walikokutana nacho. Uchambuzi wa kitenzi kimoja, kama huu uliofanywa hapa, unadai mwanafunzi aende kwenye kumbukumbu rasmi zenyewe na kusoma ukurasa wa siku ile, ajue ni kauli gani hasa iliyotumika, ni nani aliyesimama kwanza, na ni neno gani la Kiswahili lililotumika kudai uthibitisho.

Wabunge hao wawili waliachiliwa mwezi Desemba 1978, miezi michache baada ya Kenyatta kufariki tarehe 22 Agosti mwaka huo. Seroney hakurudi tena Bungeni, naye alifariki mwaka 1982. Shikuku alichaguliwa tena na watu wa Butere mwaka 1979, mwaka uleule ambao Kiingereza kiliruhusiwa tena ukumbini, akaendelea kuuliza maswali.