Mwanzilishi wa Boma na Jamaa Yake: Makazi Mapya katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Makala haya yanachunguza maisha ya mtu aliyetoka katika boma la babake akaenda kufungua makazi mapya katika Nyanza Kusini, eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Katika masimulizi mengi, mtu huyu husawiriwa kama mwanamume jasiri aliye peke yake, shoka mkononi na msitu mbele yake. Hoja yetu ni kwamba taswira hiyo ina upungufu. Kufungua makazi kulikuwa tendo la jamaa nzima, na haki ya kukaa ilitokana na kupokewa na wenyeji. Suala hili si la kihistoria tu. Mashamba yaliposajiliwa, hati iliandikwa jina la mtu mmoja, na walioachwa nje ya jina hilo wangali wanadai haki zao.

Nchi iliyofunguliwa kwa zamu

Ushahidi wa wazi zaidi wa makazi ya kale katika eneo hili ni Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Hizi ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, ambazo yamkini zilijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta hizo ziliwakinga watu na mifugo yao, na jamii mbalimbali zilizofika kwa nyakati tofauti zilihamia humo, zikazikarabati, kisha zikaondoka.

Hali hiyo inatufunza kuwa mwanzilishi wa boma aghalabu hakukuta nchi tupu. Wasuba, ambao wengi wao mababu zao walitoka upande wa Uganda, walikaa kandokando ya ziwa na visiwani. Wakuria walikaa upande wa kusini. Waluo walivuka Ghuba ya Winam na kuenea kusini hatua kwa hatua, na baada ya muda Wasuba wengi wakachukua lugha ya Kijaluo. Katika karne ya 20 walifika pia Wamaragoli, waliosukumwa na uhaba wa ardhi kwao, wakapata makazi Migori. Aidha, wako waliovuka mpaka na kuingia Tanganyika. Safari ya aina hiyo ndiyo kiini cha riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyotoka mwaka 1966. Ndani yake, Ochola na mkewe Nyapol wanapata mali ugenini lakini hawapati amani na jirani yao.

Siku ya kufungua boma

Katika mila ya Waluo, tendo la kufungua boma huitwa goyo ligala. Mwana aliyeoa huanza maisha ya ndoa katika simba, yaani nyumba yake iliyo karibu na lango la babake. Watoto wakikua na wadogo zake wakihitaji nafasi, humpasa kutoka. Hutoka kwa kufuata utaratibu wa kuzaliwa, na mdogo hatakiwi kumtangulia mkubwa.

Alfajiri ya siku hiyo, kila mmoja hubeba kitu chake. Mwanamume hubeba shoka. Mwanawe wa kwanza hubeba jogoo. Mke wa kwanza hubeba moto. Baba, au mzee wa ukoo anayeshika nafasi yake, huwaonyesha mahali pa kujenga. Nyumba inayojengwa kwanza ni ya mke huyo wa kwanza, na hutazamana na lango. Wake wengine, ikiwa wapo, hujengewa kando yake. Ua hupandwa mnyaa, mti unaostahimili ukame na ambao utomvu wake mkali hufukuza mifugo.

Ni dhahiri kwamba shoka peke yake haliwezi kuanzisha boma. Pasipo moto wa mke na jogoo wa mwana, pale ni kichaka kilichofyekwa tu. Hata jamaa wakihama baadaye, mahame yao, ambayo Waluo huyaita gunda, huendelea kutajwa kwa jina la aliyeishi pale.

Jadak na mwenye ardhi

Mgeni aliyefika katika ardhi ya ukoo mwingine aliitwa jadak. Neno hili linatokana na kitenzi dak, yaani kuishi mahali. Aliyempokea ni wuon lowo, mwenye ardhi. Mara nyingi jadak alikuwa mkwe, mpwa au rafiki. Hakulipa kodi, alitarajiwa kuheshimu wenyeji, kushiriki kazi zao na kusimama nao wakati wa vita. Methali yetu isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inakaribia sana hali hiyo, kwani jembe ni kazi na pia ni kukubaliwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Tukimwita jadak "mpangaji", tunamzushia kodi. Tukimwita "skwota", tunamfanya mvamizi. Neno "mlowezi" nalo, nchini Kenya, humkumbusha msikilizaji mzungu wa enzi ya ukoloni. Katika baraza la kusuluhisha mgogoro wa shamba, uteuzi wa neno moja kati ya haya unaweza kuwa umekwisha kutoa hukumu.

Hati na jina moja

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na ile ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968 zilibadili mambo. Mapatano ya mdomo yalilazimika kugeuka maandishi. Ukoo ulioona jadak ataandikiwa shamba milele ulikuwa na sababu ya kumkana. Mke aliyebeba moto hakuonekana katika hati, kwa kuwa aghalabu jina lililoandikwa ni la mumewe. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilishikilia kwamba usajili unazima haki za kimila. Kwa hiyo mjane aliweza kukaa katika nyumba iliyokuwa chanzo cha boma zima na bado akawa hana sauti shamba lilipouzwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 nayo inatambua mchango usio wa fedha, kama vile kazi za nyumbani na za shambani.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mila na sheria hizi za karibuni hazipingani katika kila jambo. Mila ilikiri kuwa boma haliwi boma bila mke na mwana, ingawa haikumpa mke mamlaka juu ya ardhi yenyewe. Ni wajibu wetu, tunapokusanya masimulizi ya Migori na Homa Bay, kumuuliza mwenye shoka, aliyebeba moto na aliyepokewa ugenini. Masimulizi ya mmoja wao pekee ni sawa na hati yenye jina moja.