Somo la Mwezi: Vyombo Vikubwa Tusivyovihitaji Tena



Mwezi huu twapenda tujifunze pamoja jambo la nyumbani ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku ya kuhama, au siku ya kuleta kipya. Kochi limebonyea, friji haigandishi, godoro limekwisha, kabati limevunjika mguu. Tufanyeje? Taka za jikoni zina njia yake, lakini mara nyingi wenye gari la taka hulikataa kochi. Basi kitu kikubwa hupelekwa usiku mferejini au korongoni, nasi twasema, "Kimeondoka." La, hakikuondoka. Kimehama tu, kutoka kwetu kwenda kwa jirani anayekaa bondeni.

Watu wa Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwatoa wengi majumbani mwao katika bonde la Msimbazi. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini hata mvua ndogo huwa mbaya pale mfereji ulipozibwa. Kwa hiyo yafaa tujiulize maswali machache kabla kitu hakijavuka mlango wetu.

1. Ni cha nani?

Kitanda cha marehemu baba au kabati la bibi huenda ni mali ya urithi. Anayekaa katika nyumba siye lazima mwenye vyote vilivyomo. Waulizwe wote wenye haki, wa karibu na wa mbali, ndipo kiuzwe au kigawiwe. Ndugu wengi wamekosana kwa kitanda ambacho bei yake sokoni ni ndogo sana. Tena tufungue kila droo na kutazama chini ya karatasi iliyotandikwa ndani. Huko ndiko wazee walikoweka vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja na picha.

2. Je, chaweza kutengenezwa?

Meza ya mninga, mvule au msaji ikichakaa juu, ndani bado ni nzima. Fundi seremala akiipiga randa na kuipaka vanishi, itatumika miaka mingi tena. Kochi nalo, tazameni mbao zake kwanza. Zikiwa imara, hazikuliwa na mchwa, kilichokufa ni sponji na kitambaa tu, na hivyo hubadilishwa. Lakini samani za unga wa mbao uliobanwa, zikinywa maji huvimba na kubomoka. Hizo tusizipotezee fedha.

3. Je, yuko anayekihitaji?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini tusimpe mtu taka tukaiita sadaka. Kiti kisichokalika nyumbani kwetu hakitakalika kwa mjane, wala stoo ya kanisa si mahali pa kukificha. Tumwulize mwenyewe kwanza: Je, wakitaka? Kitapita mlangoni pako? Naye awe huru kukataa bila kuona haya. Akikubali, na tulipe sisi mkokoteni, maana zawadi ambayo mpokeaji hana nauli ya kuichukua ni mzigo.

Kama kitanda kina kunguni, tusikitoe wala kukiuza kabla ya kukisafisha. Kunguni aweza kukaa miezi mingi bila kula, akijificha katika maungio ya mbao. Kitanda kifunguliwe vipande, maungio yamwagiwe maji yanayochemka, na mpokeaji aambiwe ukweli.

4. Friji mbovu

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Watoto hupenda kujificha. Mtoto akiingia ndani ya friji iliyotupwa na mlango ukajifunga, hewa humwishia upesi, na sauti yake haisikiki nje. Huko Marekani watoto wengi walikufa hivyo, hata mwaka 1956 ikatungwa sheria kwamba kila friji mpya lazima iweze kufunguliwa kutoka ndani. Lakini friji nyingi za kwetu zimewekewa kufuli, hasa zile za kulala. Basi friji ikiacha kufanya kazi, chukueni bisibisi siku ile ile muung'oe mlango au kifuniko, hata kama bado imo uani.

Pia ndani ya mabomba yake mna gesi. Ya friji za zamani huharibu tabaka la juu la hewa linalotukinga na jua. Ya nyingi za siku hizi hushika moto. Kwa hiyo mnunuzi wa chuma chakavu asikate mabomba ovyo. Fundi wa friji mwenye vifaa aitoe gesi kwanza, ndipo chuma kiuzwe.

5. Visivyochomwa moto

Godoro la sponji likichomwa hutoa moshi wenye sumu kali, ambao katika chumba huweza kuua. Nyaya nazo zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wake huwaumiza wanaochoma na majirani. Sponji iliyo safi ikatwe vipande na kujazwa katika mito.

6. Kinachobaki

Kisichofaa kwa lolote, kiende dampo rasmi. Kwa Dar es Salaam ni Pugu Kinyamwezi. Ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa, kisha nyumba nne au tano zichangie gari moja. Gharama itapungua kwa kila mmoja. Wakati wa kungoja, kitu kisikae mvuani. Maji yaliyotuama katika beseni au friji huzaa mbu wa homa ya dengi, iliyolisumbua jiji hilo mwaka 2014 na tena 2019.

Maswali ya kujadiliana

(a) Nyumbani kwetu mna kitu gani kikubwa kisichotumika? Ni cha nani?

(b) Je, katika mtaa wetu iko friji iliyotupwa ikiwa na mlango wake? Nani ataung'oa wiki hii?

(c) Nyumba zipi zaweza kuchangia gari pamoja nasi, na lini?