AKILI NA KUJUA KUWAKO KWAKE MWENYEZI MUNGU

Bismillahi 'r-Rahmani 'r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya: mas'ala yanayosomeshwa hapa ni kwamba, je, akili ya mwanadamu peke yake yaweza kukata shauri kuwa Mwenyezi Mungu yuko? Zamani mas'ala haya yalikuwa ya maulama na wanafunzi wao. Leo yameingia majumbani. Kijana hurudi kutoka skuli, akamwuliza babake baada ya sala ya Isha, "Baba, wajuaje?" Na baba, ambaye hajaacha sala tangu alipobaleghe, hana la kumjibu illa hasira. Hasira si jawabu, na mtoto naye ajua kuwa si jawabu.

Dalili iliyo mashuhuri katika vitabu vya tawhid imejengwa juu ya maneno mawili. La kwanza: kila kilichozuka baada ya kutokuwako hakina budi na mwenye kukizusha. La pili: ulimwengu huu umezuka baada ya kutokuwako. Mtu akiyakubali haya mawili, la tatu humjia lenyewe, apende asipende, nalo ni kwamba ulimwengu una aliyeuzusha.

Neno la kwanza halina matata. Mwenye shamba akienda shambani kwake baada ya mwezi, akakuta kisima kimechimbwa na kujengewa kwa mawe, hasemi kwamba kimetokea tu. Huuliza ni nani aliyechimba. Hata mwendawazimu huuliza hivyo.

Vita viko katika neno la pili. Wanafalsafa waliomfuata Aristotle, na katika Waislamu khasa Ibn Sina (370–428 H., yaani 980–1037), walisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, ingawa watoka kwa Mungu. Imam Ghazali (450–505 H., yaani 1058–1111), mwana wa Tus na imamu mkubwa katika madhehebu ya Shafii, aliwajibu katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Moja katika hoja zake ni hii. Nyota ya Zuhali huzunguka mara moja katika muda wa miaka 30 hivi, na jua huzunguka mara moja kila mwaka. (Hiyo ni kwa elimu ya zama zile, leo yajulikana kuwa ardhi ndiyo ilizungukayo jua, na hesabu ni ile ile.) Basi kama ulimwengu hauna mwanzo, mizunguko ya Zuhali haina idadi, na ya jua haina idadi; tena hii ni mara 30 ya ile. Vipi kisicho na mwisho kizidiwe mara 30 na kingine kisicho na mwisho? Na mizunguko iliyokwisha kupita, je, ni shufwa au ni witiri?

Hoja hii ni tamu, na wanafunzi huipenda. Lakini haki yapasa kusemwa. Tangu zama za Georg Cantor, mwanahesabu wa Ujerumani wa karne ya 19, wanahesabu wamebainisha kwamba yasiyo na mwisho yana kanuni zake, na kwamba humo sehemu yaweza kulingana na kizima chake bila ya maneno kupingana. Wako wanaojibu kuwa hayo ni ya hesabu ya akilini, si ya mambo yaliyopita kwa kweli. Na ubishi ungaliko. Basi mwenye kuitoa hoja ya Zuhali mbele ya kijana aliyesoma hesabu, na ajue kuwa ataulizwa.

Kadhalika wako mawaidha wa siku hizi wanaoshangilia kwamba wataalamu wa nyota wamekwisha kuthibitisha huduthi ya ulimwengu. Ni kweli kwamba Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alieleza katika mwaka 1927 kuwa ulimwengu watanuka, na leo wataalamu hukadiria kwamba kutanuka huko kulianza yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Lakini elimu hiyo yasimulia khabari za hali ya joto kali na msongamano, wala haisemi kwamba kabla yake hakukuwa na kitu. Lemaître mwenyewe hakupenda nadharia yake ifanywe dalili ya dini, na katika hilo alikuwa na busara kuliko wengi. Mwenye kuifunga imani yake kwenye maneno ya wataalamu wa mwaka huu atafanyaje wakiyabadili mwaka ujao?

Iko njia nyingine, nayo, la ajabu, ni ya Ibn Sina yule yule. Yeye hakuhitaji kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo. Alitazama kwamba kila kitu kilichomo chaweza kuwako na chaweza kutokuwako, wala kuwako kwake hakutoki kwake chenyewe. Mfano wake ni joho la arusi. Bwana arusi amevaa joho; akiulizwa, asema ameliazima kwa jirani. Jirani asema naye aliliazima kwa mjomba wake, na mjomba kwa mwingine. Iwapo kila mmoja ni mwenye kuazima, na hapana hata mmoja aliye na joho lake mwenyewe, basi ongeza waazimaji hata wasiwe na idadi: joho halitafika mwilini mwa bwana arusi. Lakini huyu hapa amelivaa. Basi hapana budi yuko mwenye joho. Na viumbe vyote vimevaa kuwako kwa kuazima. Hapana budi yuko ambaye kuwako ni kwake mwenyewe, hakukuazima kwa yeyote. Huyo maulama humwita Wajibu 'l-Wujud.

Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1781, alipinga njia zote hizi. Alisema kwamba kanuni ya sababu twaijua katika mambo yafikiwayo na hisi, basi hatuna ruhusa ya kuivusha nje ya hapo. Hili ni neno zito, wala halijibiwi kwa matusi. Lakini na litazamwe mpaka wake: Kant hakusema kuwa Mungu hayuko, alisema kwamba akili haina hukumu huko, si ya kuthibitisha wala ya kukanusha. Basi mwenye kukanusha hapati kwake msaada wowote.

Thama, yatazamwe yaliyompata Ghazali mwenyewe. Katika Al-Munqidh mina 'd-Dhalal amesimulia kwamba alianza kuzitilia shaka hisi. Jicho laona kivuli kimesimama, kumbe chatembea. Laona nyota kadiri ya dinari, kumbe ni kubwa kuliko ardhi. Aliyewasuta macho ni akili. Kisha akajiuliza: na akili je, haiwezi kuwa nyuma yake yuko hakimu mwingine wa kuisuta, kama kuamka kunavyoisuta ndoto? Akakaa na maradhi hayo karibu ya miezi miwili, hana dawa, kwani dalili haijengwi illa kwa akili, na akili ndiyo iliyoshitakiwa. Amesema kwamba hakuponywa kwa dalili iliyopangwa, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Aliyeandika haya si mtu aliyeshindwa na hoja. Ni bingwa wao.

Kwa hivyo akili hufika, lakini haifiki peke yake. Yathibitisha kuwa yuko asiyeazima. Haimwambii mtu sala ni rakaa ngapi, wala khabari za kufufuliwa, wala haimtoi kitandani alfajiri. Na mwishoni mwa umri wake, katika Iljam al-Awam, Ghazali alizifananisha dalili za Qurani na chakula kinachomfaa kila mtu, na dalili za ilimu 'l-kalam na dawa, humfaa mmoja na kuwadhuru wengi.

Na yule baba asiyejua kupanga dalili, imani yake ni sahihi? Imam Sanusi, aliyefariki mwaka 895 H. (1490), alishadidia sana katika jambo la taklidi. Lakini lililotegemewa na maulama wengi wa Ashaira ni kwamba imani yake ni sahihi maadamu ni ya yakini isiyotikisika. Ila mwenye uwezo wa kutazama akaacha, ana dhambi ya kuacha. Na kutazama huko si lazima kuwe kwa lugha ya vitabu. Mvuvi aliyeona nyayo mchangani maji yalipokupwa, akajua kwamba yuko mtu aliyepita, dalili anayo. Hakuambiwa tu kuwa jina lake ni dalili.

Kijana naye aliyeuliza hakukufuru kwa kuuliza. Nabii Ibrahim, kama ilivyo katika Surat al-An'am, aliitazama nyota ikatua, na mwezi ukatua, na jua likatua. Baba asiyeweza kujibu usiku huo na aseme, "Sijui kupanga maneno, mwanangu, kesho twende kwa mwalimu." Kisha kesho aende naye, akae pale barazani, asikilize.

Wallahu a'lam.