Inzi ya matunda: mlimaji mmoja hataishinda peke yake



Kila msimu wa maembe tunapopita mashambani, tunasikia neno moja: «Matunda yanaoza kwenye mti, tukipasua tunakuta funza. Tulipompa dawa, lakini haikusaidia.» Katika somo hili tutaona sababu gani dawa haikusaidia, na kazi gani inafaa kufanywa mbele yake.

Adui ni nani?

Ni inzi iliyotoka Asia. Mwaka wa 2003 ilionekana mara ya kwanza Kenya, upande wa pwani, na kwa miaka michache tu ikaenea katika inchi nyingi za Afrika. Wataalamu wanaiita Bactrocera dorsalis. Ni kubwa kidogo kuliko inzi ya nyumbani, iko na tumbo la rangi ya kahawia na mabawa yanayopitisha mwanga. Inapenda sana maembe na mapera, lakini inaingia pia katika machungwa, papai na matunda mengine mengi.

Inaishi namna gani?

Jike inatoboa ganda la tunda na kuweka mayai ndani. Katika maisha yake inaweza kutaga mayai zaidi ya 1.000. Kisha siku chache funza wanatoka na kula nyama ya tunda. Tunda linaanguka. Funza wanatoka, wanaingia katika udongo, sentimeta chache tu, na kugeuka kule mpaka wanakuwa inzi. Mahali pa joto, kama tambarare ya Rutshuru, kutoka yai mpaka inzi ni karibu majuma matatu. Huku Goma, kwenye baridi, inachelewa zaidi.

Sasa muone: yai na funza wako ndani ya tunda, na wanaogeuka wako ndani ya udongo. Dawa tunayopompa juu ya majani haiwafikie. Inaua nyuki na wadudu wengine wanaotusaidia, inabaki juu ya tunda tunalokula, na franka zetu zimekwisha kwa bure.

Tufanye nini?

1. Kuokota. Hii ndiyo kazi ya kwanza. Matunda yaliyoanguka na yale yenye alama ya kutobolewa yaokotwe kila siku, au angalau mara mbili kwa juma. Kuyaacha chini ni kulea inzi wa msimu unaokuja.

2. Kuua funza. Penye udongo mwingi, chimbeni shimo, na matunda yafunikwe na udongo wa sentimeta 50 au zaidi. Lakini wengi wetu tunalima juu ya mawe ya Nyiragongo, na kuchimba ni shida. Basi tieni matunda ndani ya sashe nyeusi isiyotoboka, ifungwe vizuri na kuwekwa kwenye jua majuma mawili. Joto litawaua. Kisha mnaweza kumwaga kwenye mbolea. Musimwage matunda mabichi yenye funza kwenye mbolea: mtakuwa mumewapa nyumba.

3. Kuvuna mapema. Embe lililokomaa lakini bado gumu livunwe, lisingoje kuiva kwenye mti.

4. Chambo. Inzi jike inahitaji kula protini mbele ya kutaga. Chambo cha protini kilichochanganywa na dawa kidogo kinatiwa mahali padogo kwenye majani ya kila mti, hapana juu ya matunda, mara moja kwa juma. Mitego ya metili-ejenoli inavuta dume tu. Inatuonyesha kama inzi wameanza kuwa wengi. Mbele ya kununua, ulizeni agronomu wenu.

Sababu gani tufanye pamoja?

Inzi haijue mpaka wa shamba. Inaruka mbali. Ukisafisha shamba lako vizuri, na jirani ako na mpera mmoja nyuma ya nyumba wenye matunda yanayoozea chini, mpera ule utajaza inzi katika maembe yako. Kwa hiyo koperative ichague siku moja ya kuokota kwa wote, na watu wawili wa kupita kuangalia. Majirani wasio wanamemba nao waalikwe.

Zoezi kwa mkutano unaokuja

Leteni matunda matano yaliyoanguka. Muyaweke ndani ya bidoni iliyokatwa, juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, na mufunike na kitambaa cha chandarua kilichofungwa sana. Ndani ya juma moja au mawili, chekecheni mchanga: mtaona vitu vidogo kama mbegu za mchele, rangi ya kahawia. Virudisheni, mungoje tena majuma mawili au matatu, kisha muhesabu inzi.

Hesabu ile muigawanye kwa tano, kisha muizidishe na matunda yote yaliyolala chini katika shamba lenu leo. Hapo mtajua maembe ya msimu ujao yanapotelea wapi, na nani wa kuyaokoa: ni sisi wote pamoja, na vikapu vyetu.