Begi la Mkononi na Sahani ya Njiani: Somo kwa Wasafiri wa Kazi wenye Kisukari na Shinikizo la Juu la Damu, Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Kahama, huingia Mkoa wa Kagera kwa upande wa Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha hushika Nyakahura na Benaco hadi Daraja la Rusumo wilayani Ngara, mpakani mwa Rwanda. Tawi lake huelekea Kabanga, mpakani mwa Burundi. Safari nzima mpaka Rusumo huzidi kilomita 1,200. Katika njia hii hupita madereva wa malori na mautingo wao, makondakta wa mabasi na wafanyabiashara wa nafaka na samaki. Wapo pia wahudumu wa afya wanaotoka vituoni kwa pikipiki kupeleka huduma za mkoba vijijini.

Wengi wao wamevuka umri wa miaka arobaini, na baadhi wanaishi na kisukari au shinikizo la juu la damu. Ushauri wanaopewa kliniki mara nyingi humfaa mtu anayelala nyumbani kwake na kula kwa saa maalumu. Msafiri wa kazi hana mpangilio huo. Somo hili linaeleza jinsi dawa na mlo vinavyopaswa kupangwa pamoja kabla ya safari.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:
1. kueleza kwa nini baadhi ya dawa za kisukari ni hatari zikimezwa bila chakula;
2. kupanga begi la mkononi la msafiri mwenye ugonjwa sugu;
3. kuchagua mlo ufaao kwa mama lishe wa njiani;
4. kutambua na kutibu mapema kushuka kwa sukari mwilini.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo na haumhusu mtu yeyote halisi.

Dereva wa lori mwenye umri wa miaka 49 ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Anatumia glibenklamidi, metformini na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Aliondoka Kahama saa kumi na moja alfajiri, akameza vidonge vyake kwa chai ya rangi, akinuia kula Nyakahura. Foleni ya mizani ilimchelewesha, na alipofika Nyakahura akaona bora apitilize ili awahi mpakani. Saa sita mchana, akikaribia Benaco, alianza kutokwa na jasho jembamba, akawa mkali bila sababu, na gari likaanza kuyumba. Utingo alidhani amekunywa pombe. Alipomsihi, "Mzee, weka gari pembeni kwanza," dereva alikubali kwa shida. Mama lishe wa jirani alimtazama akitetemeka, akampa soda. Baada ya robo saa akawa mtu yule yule wa siku zote.

Kliniki ilikuwa imempima, ikamwandikia dawa sahihi na kumpa tarehe ya kurudi. Swali moja halikuulizwa: "Baba, ukiwa safarini chakula cha mchana unakula saa ngapi?" Angeulizwa, angejibu, "Nikifika, daktari. Siku nyingine saa saba, siku nyingine usiku." Jibu hilo lingebadili cheti chote cha dawa.

Kilichotokea mwilini

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini iwe mtu amekula au hajala. Insulini huondoa sukari kwenye damu. Kama tumbo ni tupu, hakuna sukari mpya inayoingia kufidia ile iliyoondoka, na ubongo, ambao hutegemea sana sukari, huanza kukosa nguvu. Hapo ndipo hutokea jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, ukali usioeleweka, kuchanganyikiwa na hatimaye kupoteza fahamu. Dalili hizi hufanana na ulevi, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengine hulaumiwa badala ya kusaidiwa.

Eneo lenyewe huongeza hatari. Tanzania huendesha magari upande wa kushoto, ilhali Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia. Dereva anayevuka Rusumo au Kabanga lazima abadili mazoea ya miaka mingi kwa dakika chache. Ubongo uliokosa sukari hauwezi kazi hiyo.

Dawa na saa za safari

Dawa hazifanani, na msafiri anapaswa kuijua kila moja anayoibeba.

Glibenklamidi na dawa za kundi lake humezwa pamoja na mlo. Mlo usipokuwepo, kidonge husubiri mpaka chakula kiwe mezani. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, ila humezwa na chakula ili isichafue tumbo. Dawa za shinikizo la damu, kama amlodipini, humezwa kila siku hata kama mtu hajala. Anayetumia insulini hapaswi kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Apewe mapema na kliniki maelekezo ya kurekebisha kipimo siku mlo unapochelewa.

Vidonge vya kupunguza maji, kama haidroklorothiazaidi, huongeza haja ndogo. Madereva wengi huviacha kimyakimya siku ya safari, au hujinyima maji ili wasisimame. Njia zote mbili zina madhara: ya kwanza huacha shinikizo lipande hadi kuhatarisha ubongo na moyo, na ya pili huchochea mawe ya figo na maambukizi ya njia ya mkojo. Mgonjwa anayeona usumbufu huo aueleze kliniki. Muda wa kumeza unaweza kubadilishwa, au dawa ikabadilishwa kwa nyingine.

Kuna pia suala la saa. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu nyingi hujibadilisha zenyewe mara zinaposhika mtandao wa upande wa pili. Kengele ya dawa iliyowekwa saa mbili usiku italia saa tatu kwa saa za Tanzania. Kwa vidonge vingi tofauti hiyo haina madhara. La kuzingatia ni umbali kati ya dawa na chakula. Dozi iliyosahaulika isifidiwe kwa kumeza mbili kwa mpigo.

Begi la mkononi

Mzigo mkubwa unaweza kukaa kwenye buti la basi au nyuma ya lori. Begi dogo la afya hukaa pale mkono unapofika. Ndani yake viwemo:

- Dawa za siku zote za safari, na ziada ya siku tatu hadi saba kwa ajili ya ucheleweshaji wa mpakani au gari kuharibika. Dawa zibaki kwenye pakiti zake.
- Kadi ya kliniki, kadi ya bima na nakala ya cheti cha dawa chenye majina ya kitaalamu, kwa kuwa majina ya kibiashara hutofautiana nchi na nchi.
- Kipima sukari na vijiti vyake kwa anayetumia insulini au dawa za kundi la glibenklamidi.
- Glukosi ya unga, sukari au chupa ndogo ya soda. Hii ni dawa ya dharura, si kiburudisho.
- Maji safi ya kunywa, karanga zisizo na chumvi na ndizi mbivu.
- Sabuni, pakiti za ORS na chandarua chenye dawa, kwani Kagera ni mkoa wenye malaria.
- Viatu vilivyofunika vidole na soksi safi. Mwenye kisukari anaweza kujikata au kuungua mguu asihisi, na kandambili hazimlindi.

Insulini inahitaji uangalizi wa pekee. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iliyoanza kutumika hukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Isiachwe juu ya dashibodi wala karibu na injini, na isigandishwe kwa barafu.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI azibebe vivyo hivyo, na aieleze kliniki ratiba yake mapema ili apewe dozi za kumtosha.

Sahani ya njiani

Msafiri mwenye kisukari hahitaji chakula cha pekee. Vyakula bora kwake vinapikwa Lusahunga, Nyakahura na Benaco kila siku. Kazi yake ni kuchagua na kupima.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kisamvu, kabichi au majani ya maharage. Robo iwe ndizi, ugali wa dona, wali au viazi vitamu. Robo inayobaki iwe maharage, dagaa, sato au nyama isiyo na mafuta mengi. Ndizi na maharage, mlo wa asili wa watu wa Kagera, hufaa sana iwapo sehemu ya mboga itaongezwa na mafuta yatapunguzwa. Mama lishe akiombwa, "Mama, nipunguzie ugali, niongezee mboga," hakatai.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Supu ya asubuhi, chipsi na nyama choma ya kuchovya kwenye chumvi vinaweza kumaliza kiasi hicho cha chumvi kabla ya jioni. Aonje kwanza, asiongeze chumvi mezani.

Soda ya kawaida ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Vinywaji vya kuongeza nguvu huleta sukari pamoja na kafeini, ambayo huweza kupandisha shinikizo na kuharakisha mapigo ya moyo. Uchovu wa barabarani hutibiwa kwa usingizi. Pombe, iwe bia au rubisi, huongeza hatari ya sukari kushuka, hasa kwa aliye na njaa, nayo haichanganywi na usukani kwa hali yoyote.

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Viazi vilivyochemshwa alfajiri viliwe asubuhi hiyo hiyo. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula ni kinga dhidi ya maradhi mengi. Wakazi wa Biharamulo wanakumbuka mlipuko wa Marburg uliotangazwa Januari 2025, na kutangazwa kumalizika Machi mwaka huo. Mazoea ya kunawa yaliyorejea wakati ule yasiachwe.

Kila baada ya saa mbili msafiri asimame, atembee dakika chache na kunyoosha miguu. Kusimama huko humpa nafasi ya kunywa maji, kwenda haja na kupima sukari.

Sukari inaposhuka

1. Dereva aegeshe gari mahali salama na kuzima injini mara tu anapohisi dalili.
2. Apime sukari kama ana kipimo. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au kama hana kipimo lakini dalili zipo, anywe nusu ya chupa ya soda au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji.
3. Baada ya dakika 15 apime tena. Kama haijapanda, arudie.
4. Ikishapanda, ale mlo kamili. Asiendeshe mpaka dakika 45 zipite tangu sukari irudi kuwa sawa na akili itulie.
5. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe wala kulishwa kitu. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali, ambako atapewa dekstrosi kwenye mshipa.

Aliyeshuka sukari kwa glibenklamidi aende kituo cha afya hata akipata nafuu, kwa kuwa dawa hiyo hudumu mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Dereva wa mfano alihitaji kufikishwa hospitali siku ile ile. Soda ya Benaco ilikuwa huduma ya kwanza tu.

Ujumbe kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kuandika dawa, mhudumu aulize mambo matatu: mgonjwa anafanya kazi gani, hulala wapi, na hula saa ngapi akiwa safarini. Kwa anayeendesha gari, dawa isiyoshusha sukari kupita kiasi ipewe kipaumbele pale inapopatikana. Mgonjwa aelezwe dalili za hatari mbele ya mwenzake wa safari, kama ameridhia, maana mara nyingi utingo ndiye wa kwanza kuziona. Asilaumiwe kwa kuruka dozi, aulizwe sababu. Wengi huficha ugonjwa wakihofia kupoteza kazi, na lawama huongeza kuficha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini dereva wa mfano alidhaniwa kuwa amelewa?
2. Ni dawa ipi kati ya zake isiyopaswa kumezwa bila mlo, na ni zipi hatari za kuacha kidonge cha kupunguza maji?
3. Kwa nini soda imo katika begi la mkononi ilhali haifai mezani?
4. Panga sahani moja kutokana na vyakula vinavyouzwa karibu na kituo chako cha kazi.